Sina ugomvi na shahada ya sanaa, ugomvi wangu ni na deni lake

Mpwa wangu alikuja Jumapili na barua ya kukubaliwa chuoni. Sanaa za ufundi, mkazo kwenye uchoraji. "Mjomba, wamenichukua!" Akanipa simu nisome mwenyewe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa pongezi. Nikateremka mpaka wa tatu, penye jedwali la ada na maelezo ya mkopo. Yeye huko alikuwa hajafika.

Niseme mapema kwamba hata mimi nimesoma uchoraji, tena kwa mkopo, na deni lile nimelilipa kwa miaka tisa. Kwa hiyo msinihesabu pamoja na wale wajomba wanaosema sanaa haina kazi, kasome uhasibu. Nawajua, walinikalisha kikao nikiwa na umri wake. Walikosea kuhusu sanaa, ila kuhusu pesa hawakuwa mbali sana na ukweli.

Deni lilinifanya nini? Nilipomaliza, rejesho la kwanza lilinikuta sina kazi, nikashika ya kwanza iliyojitokeza: kupanga kurasa kwenye kiwanda cha uchapaji, kalenda na lebo za chupa. Kazi ya halali, watu wazuri. Ila niliingia asubuhi nikatoka usiku, kwa sababu bila saa za ziada rejesho halikutimia. Mwaka wa tatu nikafungua sanduku langu la rangi za mafuta. Anayechora anajua kwamba mrija mweupe ndio unaokwisha wa kwanza, unaununua mara mbili kabla hujagusa wa pili wa bluu. Wa kwangu ulikuwa umejaa. Nikaukamua, hautoki kitu, rangi imeganda shingoni kama chokaa. Nikatoboa ubavuni kwa msumari. Ndani bado mbichi, lakini nilikuwa nimeshachoka, nikalala.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Msanii anayeanza anahitaji muda wa bei nafuu: miaka michache ya kuishi kwa kidogo, kufanya kibarua cha nusu siku, kuharibu kanvasi na kuanza upya. Deni la kila mwezi linanyang'anya kitu hicho hicho. Unakopa ili uwe mchoraji, kisha mkopo unakuzuia kuchora. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga, nadhani walikuwa wamepita chuo cha sanaa.

Vyuo vikiulizwa kuhusu kipato huonyesha nyota wao. Fulani alisoma hapa, leo kazi zake zinanunuliwa na majumba makubwa ya dunia. Kweli. Lakini wapange wahitimu wote foleni, kuanzia anayepata kidogo hadi anayepata kingi, kisha umuulize aliyesimama katikati analipwa nini. Wastani wa kujumlisha na kugawanya hautakusaidia, maana nyota mmoja anaweza kuuvuta juu huku arobaini wengine wakiwa hawajalipa kodi ya nyumba. Na hata huyo wa katikati, jiulize pesa anazitoa wapi. El Anatsui, ambaye mapazia yake ya vifuniko vya chupa yanajulikana dunia nzima, alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, mwaka 1975 na akaendelea kwa miongo kadhaa. Mchoraji Mfaransa Henri Rousseau alikuwa mtoza ushuru mjini Paris mpaka alipostaafu 1893, ndiyo maana wakamwita "le Douanier", yaani mtu wa forodha. Wasanii wengi wamelishwa na kazi nyingine, wala si aibu. Tofauti ni kwamba mshahara wa Rousseau haukuwa na mtu wa kuukata kwa ajili ya ada.

Na bei iliyobandikwa ukutani isikudanganye. Mchoro ukiuzwa kwa 100, mwenye jumba la maonyesho kwa kawaida huchukua hadi 50. Katika 50 zako toa kanvasi, rangi, fremu, usafirishaji. Zikibaki 30 shukuru, na mtu wa kodi ya mapato bado hajapiga hodi. Kisha kumbuka mchoro huo unauzwa mwezi Machi, unaofuata labda Novemba, na rejesho linataka kulipwa tarehe ile ile kila mwezi.

Nilimwambia mpwa wangu kitu kingine ambacho mimi sikuambiwa: madeni mawili ya kiasi kimoja yanaweza kuwa wanyama wawili tofauti. England, walioanza masomo kuanzia Agosti 2023 wanalipa asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na kinachobaki hufutwa baada ya miaka 40. Ukipata chini ya hapo hulipi kitu. Miaka 40 ni mirefu kupita kiasi, lakini deni la namna hiyo angalau linamsubiri msanii. Pamoja na hayo, taasisi ya utafiti ya IFS ilikadiria mwaka 2020 kwamba takriban mhitimu mmoja kati ya watano wa Uingereza angekuwa na pesa zaidi maishani kama asingekwenda chuo kikuu, na sanaa za ubunifu zilikuwa mkiani. Deni la benki ya kawaida, lenye mdhamini na tarehe, halina subira hiyo. Soma mkataba. Tafuta neno "riba", kisha tafuta mstari unaosema nini kitatokea usipokuwa na kipato.

Wala ukubwa wa jina si kinga. Mwaka 2017 programu ya uigizaji ya miaka miwili iliyofungamana na Harvard ilisimamisha kupokea wanafunzi, baada ya kushindwa kipimo cha serikali cha deni na kipato: wahitimu walikuwa wanadaiwa takriban dola 78,000 huku wakipata kama 36,000 kwa mwaka. Jina la Harvard! Miaka miwili kabla yake, Mei 2015, wanafunzi wote saba wa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya sanaa kwenye shule ya Roski ya Chuo Kikuu cha Southern California (USC), Los Angeles, waliondoka kwa pamoja, moja ya sababu ikiwa ni ufadhili waliosema waliahidiwa kisha ukabadilishwa. Huwa nawafikiria hao saba. Waliona hesabu mapema.

Upande wa pili upo. Chuo cha sanaa cha Düsseldorf, Ujerumani, alikosoma na kufundisha mchoraji maarufu Gerhard Richter, ni cha umma na hakitozi ada ya masomo. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kiliifanya shule yake ya uigizaji kuwa ya bure mwaka 2021, baada ya kupewa dola milioni 150 na David Geffen, tajiri wa muziki na filamu. Yaani ubora na bei ya mafunzo haya havitembei pamoja. Kilichonifundisha mimi ni vikao vya kuhakiki kazi, ambapo unasimika mchoro wako ukutani na wenzako kumi na wawili wanauchambua huku umenyamaza. Kimoja cha vikao hivyo kilinitoa machozi na kunitoa ujinga siku moja. Pia nafasi, mwanga, mashine ya kuchapia michoro, tanuri la mfinyanzi, na marafiki ambao hadi leo ndio wanaonipigia simu kukiwa na maonyesho. Video za intaneti hazinipi hayo. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloongezeka kwa sababu ada imepanda. Kinachoongezeka, nikitazama kipeperushi cha chuo cha mpwa wangu, ni vioo kwenye jengo.

Basi tukachukua karatasi. Kanuni za wizara ya elimu ya Marekani za mwaka 2023 zina kipimo kimojawapo kinachosema marejesho ya mwaka yasizidi asilimia 8 ya kipato cha mwaka. Ni kipimo cha serikali ya nchi moja, lakini hesabu haina uraia. Deni linalolingana na mshahara wa mwaka mzima, kwa riba ya asilimia 8 na miaka 10 ya kulipa, hula karibu asilimia 14.5 ya mshahara huo. Ukitaka kubaki ndani ya 8, deni lote liishie kwenye nusu ya mshahara wa mwaka na kidogo juu yake. Mshahara wa yule wa katikati ya foleni, si wa nyota.

Mpwa wangu akaandika, akafuta, akaandika tena. Deni lake lingefika mara mbili na nusu ya kikomo hicho. Akanyamaza muda, kisha akauliza, "Mjomba, wewe ungerudi nyuma, usingesoma?"

Ningesoma, nikamwambia. Ningesoma chuo cha bei ndogo zaidi, hata kama kingenichelewesha mwaka mmoja nifanye kazi kwanza. Wakati ule nilidhani kuchelewa mwaka ni kuzeeka.

Jumatatu akawaandikia chuo maswali matatu: mhitimu wa katikati analipwa kiasi gani miaka mitatu baada ya kumaliza, wangapi kati yao bado wanalipa deni, na kama ufadhili wa mwaka wa kwanza unaendelea hadi wa mwisho. La nne aliliongeza mwenyewe, kama bweni lina mahali pa kuchorea usiku. Mpaka ninapoandika haya wamejibu la bweni tu.