Halati Hashuki

Mimi tuktuk nimeendesha Malindi mpaka mgongo umechukua umbo la kiti. Wataliano nimewabeba wa kila aina: wapole, wakali, wanaolipa, na wale wanaoshuka wakikwambia domani, yaani kesho. Kwa hiyo habari za kutembeza wageni mtu asinifundishe. Mgeni anataka kivuli, anataka choo, na anataka umfikishe pale mlipopatana. Mengine mbwembwe. Sasa nenda Roma mwezi wa Agosti, ukapande lile basi la ghorofa la watalii, uone kama utapata hata moja katika hayo matatu. Na wanatoza zaidi ya euro 20 kwa kichwa! Kwa pesa hiyo mimi nakuzungusha Malindi nzima, nakupeleka magofu ya Gede, nakusubiri nje, nakurudisha, na ukisinzia njiani napunguza mwendo.

Tiketi alinunua shemeji, mume wa dada yangu. Ilikuwa zawadi, na zawadi hailalamikiwi mbele ya mtoaji, ndiyo maana kwake nilisema bellissimo mara nyingi, na haya nakuja kuyatapika kwenu. Zawadi ilikuwa ya watu wawili: mimi na halati yangu, mdogo wake marehemu mama, mwanamke aliyevuka bahari na sanduku lenye achari ya maembe nyingi kuliko nguo. Basi lenyewe ni la shuka-panda. Unashuka kituo unachotaka, unaangalia unachoangalia, kisha unapanda linalokuja, tiketi ile ile mpaka kesho yake. Karatasi ilisema linapita kila dakika 15. Karatasi ni mvumilivu, inabeba chochote.

Tulianzia mbele ya steshini ya Termini, kwenye uwanja unaoitwa Piazza dei Cinquecento, wa wale mia tano. Nilimuuliza shemeji mia tano gani. Amezaliwa Roma, amekulia Roma, akanijibu labda ni lile gari dogo la Fiat. Dada ndiye aliyetafuta kwenye simu: ni askari wa Kitaliano waliouawa Dogali kule Eritrea, mwaka 1887, na jeshi la Ras Alula, jemadari wa Ethiopia. Yaani watu wanashuka treni kila siku juu ya kipigo walichokula Afrika, na wanadhani ni gari.

Pale steji manamba wapo, msidhani ni sisi tu. Wao wamevaa fulana za rangi na wana miavuli, lakini kuvuta mkono ni kule kule. Kila kampuni ina rangi yake, na tiketi ya rangi hii haipandi rangi ile. Ukisubiri la kwako yatapita ya wenzako yote kwanza, matupu, madereva wanakutazama kwa huruma. La kwetu lilipofika lilikuwa limejaa mlangoni. Lakini halati ameishi na matatu za Mombasa miaka yote, kiwiko chake kina leseni. Nilipomaliza ngazi za kwenda juu nilimkuta ameshakaa kiti cha mbele kabisa, mkoba umenishikia cha pili, buibui limetandazwa kama bendera ya nchi iliyopata uhuru.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Maana basi la shuka-panda lina siri ambayo haijaandikwa kwenye karatasi: aliyepata kiti cha mbele hashuki.

Tulifika Colosseo, jengo lao la kale la michezo. Lile lile la kwenye picha, kubwa mpaka shingo inauma. Nikainuka.

"Halati, tushuke tulione."

"Tushuke? Na kiti?"

"Tutapanda basi jingine."

"Hilo jingine umeliona? Lina kiti cha mbele? We mwana, usiache mbachao kwa msala upitao."

Nikageuka nyuma nitafute wa kuniunga mkono. Juu nzima hakuna aliyenyanyuka. Kila mtu amekamata kiti chake kwa mikono miwili, wanapiga picha bila kuinua makalio. Basi likalizunguka Colosseo, tukaliona kwa upande, likaondoka. Watu wametoka Japani, wametoka Brazili, wametoka Malindi, wameliona jengo hilo kwa muda wa taa nyekundu.

Na jua! Ghorofa ya juu haina paa. Kiti cha plastiki saa saba mchana kinakuchapa muhuri. Sasa sikilizeni jambo lililoniudhi kabisa. Ile sauti ya kwenye visikilizio ikaanza kueleza kwamba Colosseo lilianzishwa na Kaisari Vespasiano, mwanawe Tito akalifungua mwaka 80 kwa michezo ya siku 100, na lilikuwa likiingia watu kama 50,000. Na kwamba juu yao kulikuwa na turubai kubwa la kivuli, likivutwa kwa kamba na mabaharia wa jeshi la majini. Mabaharia! Walitafuta watu waliozoea matanga, wakawaajiri kazi ya kuwafunika watazamaji jua wakati simba anamla mtu chini. Miaka karibu 2,000 baadaye mimi nimelipiwa tiketi ya euro, kofia nimeambiwa nije nayo.

Halati hakungoja mabaharia. Alifungua mwavuli wake, ule mkubwa wa maua, zawadi ya harusi ya mtu. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekaa nyuma yetu akaanza kukohoa. Kikohozi kikawa maneno. Nikamtafsiria halati kwamba mzee anasema haoni Roma. Halati akajibu bila kugeuka kwamba Roma haikimbii, na yeye ngozi yake anayo moja.

Visikilizio navyo ni balaa. Unachomeka kwenye tundu ubavuni mwa kiti, unachagua namba ya lugha, kinasikika sikio moja. Kiswahili hakuna. Redio Vatikani, hapo hapo ng'ambo ya mto, ina idhaa ya Kiswahili miaka na miaka, lakini basi halina. Mimi Kitaliano cha ufukweni kinanitosha. Halati aliwekewa Kiarabu kwa ajili ya baraka, akawa anatikisa kichwa kwa heshima. Baadaye nikasikiliza kwake, kumbe ni muziki tu wa fidla. Na sauti inatangulia basi. Tumekwama kwenye jamu, inatuambia tazameni kulia mto Tiber unavyometameta. Natazama kulia, namwona mtu wa pikipiki ya vespa anajichokonoa pua.

Circo Massimo, mahali palipokuwa pakishindaniwa magari ya farasi mbele ya watu zaidi ya laki, sasa ni bonde la nyasi kavu. Halati aliuliza mbuzi wako wapi. Lakini kwenye kona yake basi lilisimama taa, mkabala na jengo kubwa jeupe la FAO, la mambo ya chakula duniani, na hapo nilisahau jua kidogo. Jengo hilo lilijengwa liwe wizara ya makoloni yao ya Afrika. Mbele yake Mussolini alisimamisha mnara wa jiwe kutoka Aksum, Ethiopia, kama mita 24, tani zaidi ya 150, umebebwa mwaka 1937. Vita vikaisha, mwaka 1947 wakatia sahihi kwamba watarudisha vya watu. Mnara ukaondoka mwaka 2005, kwa ndege, vipande vitatu, ukasimamishwa tena kwao 2008. Yaani tangu 1951 FAO walikaa pale miaka yote hiyo wakizungumzia njaa, jiwe la wizi likiwa dirishani. Sauti ya kwenye visikilizio ilisema nini kuhusu hilo? Ilipiga fidla.

Nilimweleza halati. Akafikiri mpaka taa ikawaka kijani. "Na hizo nyingine tulizoziona?" Maana Roma ina minara ya kale ya namna hiyo 13, mingi kati yake imetoka Misri, na hata ule wa katikati ya uwanja wa Mtakatifu Petro aliuleta Kaisari Caligula. Nikamwambia hizo bado. Akatoa sauti ile wanayotoa wamama wa kwetu wakisikia nani kaachwa.

Piazza Venezia ni mabati. Wanachimba steshini ya reli ya chini ya ardhi, na Roma ukichimba choo unapata hekalu, kwa hiyo wanachimba kwa brashi ya meno. Nyuma ya mabati kuna lile jumba jeupe la ukumbusho wa mfalme Vittorio Emanuele II, lililozinduliwa 1911, ambalo wenyewe huliita taipureta, na kweli limekaa kama taipureta iliyosahauliwa na karani. Tulilitazama muda mrefu. Si kwa kupenda.

Kando ya mto barabara ina miti ya platani pande zote, matawi yameinama mpaka kwenye ghorofa ya juu. Kila mtu akainamisha kichwa. Mwavuli wa halati haukuinama. Niliusikia ukitoka mkononi mwake, kraa, nikageuka nikauona unaning'inia mtini, maua yote yamekunjuka, unapungukiwa na mtu tu chini yake. Yule mzee wa nyuma alipiga makofi. Nami ningepiga, lakini nililelewa.

Hakuna kilichomshusha halati: si Colosseo, si mwavuli, si kuba la Mtakatifu Petro lenyewe. Kibofu ndicho kilichomshusha. Kituo cha Vatikani aliinuka ghafla, akanikabidhi simu yake na mkoba, akasema, "Linda kiti." Nitalindaje viti viwili na kumtafutia choo mtu asiyejua Kitaliano? Nikamfuata. Kabla sijafika ngazini, yule mzee alikuwa ameshahamia mbele na mkewe.

Choo Roma ni kwenye baa, na baa maana yake ni mahali pa kahawa, msimtilie halati maneno. Ukitaka choo ununue kitu. Tukaagiza kahawa, nikavuta viti tupumzike, kumbe kahawa ya kusimama ina bei yake na ya kukaa ina bei nyingine, zaidi ya maradufu. Kahawa ile ile! Kikombe kile kile! Halati alisimama wima kaunta kama askari wa zamu, akanywa ile funda moja, akauliza nyingine iko wapi.

Nje tukakuta bomba la chuma limesimama njiani, fupi, lina mdomo uliopinda kama pua, maji yanatiririka. Wanayaita nasoni, yameanza kuwekwa mwaka 1874, na mji mzima yapo zaidi ya 2,000. Maji ya kunywa, baridi, bure. Halati alilizunguka mara mbili akitafuta koki.

"Nani kaacha maji wazi?"

"Ndivyo yalivyo, halati. Mchana na usiku."

"Hayafungwi?"

"Hayafungwi."

Mwanamke aliyebeba mitungi ujana wake wote alitazama yale maji yakiingia mtaroni, na uso wake ulibadilika kuliko ulivyobadilika mbele ya Colosseo. Nikamwonyesha ujanja wake: unaziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kidogo mgongoni, unakunywa bila kuinama. Akaziba, yakamrukia usoni, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akavua viatu, akachukua udhu, akajaza chupa zote mbili na kifuko cha plastiki. Kifuko, jamani. Cha nini? "Huwezi kujua."

Basi la kwetu lilipokuja juu limejaa, chini vioo vimebandikwa matangazo, unaona Roma kupitia matundu kama ya chekeche. Halati akakataa katakata. Tukaenda kupanda basi la wenye mji, namba 64, linalorudi Termini. Tiketi ilikuwa euro 1.50, ya dakika 100. Linasifika kwa wezi wa mifukoni, kwa hiyo halati alihamisha pesa zake mahali ambapo mwizi angehitaji kuposa kwanza. Ndani tumebanana, mlango haufungi, mtu ananipumulia sikioni. Nikajisikia niko nyumbani.

Katika msongamano ule nikasikia, "Shikamoo, mama. Njoo ukae hapa." Sista, kitambaa kichwani, Kiswahili cha Songea kimenyooka. Halati akaitikia marahaba kwa sauti iliyogeuza basi zima, akakaa, na katika vituo viwili wakawa wameshafika kwenye achari. Sista akatuuliza tumeona nini. Pantheon, lile hekalu la kale? Hapana, basi letu haliingii vichochoro vile. Chemchemi ya Trevi? Hapana, linashusha mbali, unapanda na kushuka kwa miguu. Akasikitika. Akasema shukeni kituo kinachofuata, Largo Argentina, palipouawa Julius Kaisari na sasa wanafugwa paka. Kutoka hapo Pantheon ni mwendo wa dakika chache.

Mlango ukafunguka. Nikashuka. Nikageuka nimpe halati mkono.

Halati alikuwa dirishani, kiti chake, sista pembeni, anaeleza jambo kwa mikono yote miwili. Mlango ukafungwa. Nikapapasa mfukoni kumpigia simu, nikakuta simu mbili, yangu na yake.

Nikakimbia. Vile vijiwe vyeusi vya barabara zao, sampietrini, havikutengenezwa kwa ndala. Lakini Mungu si Athumani, mbele kulikuwa na jamu ya Piazza Venezia na mabati yake. Nililifikia basi, nikagonga kioo. Halati akanitazama. Akamwonyesha sista kwa kidole, kisha akanipungia mkono.