Marangu inamsubiri nani?

Kila Desemba barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu, miteremkoni mwa Kilimanjaro, inajaa magari ya watu wa Dar es Salaam. Mimi nikipata likizo huwa mmoja wao, tofauti ni kwamba natokea Minnesota, Marekani. Tunafungua nyumba zilizofungwa mwaka mzima, mbuzi anachinjwa, kisusio kinapikwa, mbege inazunguka, watoto wanabatizwa. Mwaka mpya ukishaingia tunafunga nyumba na kuondoka. Katika umati wote huo, wanaotembea kutoka Mtoni, kitovu cha Marangu, kwenda kuangalia maporomoko ya Kinukamori ni wa kuhesabika, ilhali ni mwendo mfupi tu wa miguu.

Hoja yangu ni moja, na najua wapo watakaonuna: tumekaa tukimsubiri mzungu aje kuijenga Marangu, wakati mgeni anayeulisha mji mdogo ni yule anayeishi mwendo wa saa moja kutoka hapo.

Huku niliko kuna mji unaitwa Red Wing, ukingoni mwa mto Mississippi, saa moja hivi kwa gari kutoka Minneapolis. Una watu kama 16,000. Pembeni mwa mji limesimama jabali la mawe ya chokaa, Barn Bluff, lenye urefu wa takriban mita 100 kutoka usawa wa mto. Mtu wa Marangu atacheka. Mita 100 kwetu bibi anazipanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, na njiani anakugombeza kwa nini hujaoa. Lakini nenda Jumamosi ya Oktoba, majani ya miti yakiwa mekundu, uone kama utapata pa kuegesha. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna kijana wa kukuongoza. Kuna ubao wenye ramani mwanzo wa njia, kuna ngazi, basi. Niliwahi kumpisha mama mmoja mwenye nywele nyeupe kabisa, anapanda na fimbo mbili, mume wake ametangulia na chupa ya chai. Shikamoo ilinifika mdomoni nikaimeza. Akatabasamu, akapita.

Juu kabisa unaona mto unavyojipinda, matishari ya nafaka yakisukumwa polepole, reli, na mapaa ya mji mzima. Pazuri, sikatai. Ila mimi hunivutia zaidi kinachotokea watu wakishashuka. Wana njaa, viatu vina vumbi, na mchana bado ni mrefu. Wanaingia mjini. Kuna hoteli ya matofali, St. James, iliyofunguliwa mwaka 1875. Kuna maduka ya vyombo vya udongo, kwa sababu mji huo ulijulikana zamani kwa viwanda vya vyungu. Na kuna duka la kampuni ya viatu iliyoanzishwa hapo hapo mwaka 1905, ambamo wamesimamisha buti moja la ngozi linalokaribia mita tano kwenda juu, na kamba zake na matundu yake yote. Watu wazima wanapanga foleni kupiga picha na kiatu! Kisha wananunua soksi, wanakula, wanalala au wanarudi kwao. Wengi wao siyo watalii wa kutoka ng'ambo. Ni watu wa mikoa ya jirani, na wiki ijayo watakuja wengine.

Moshi nayo inatengeneza viatu, pale gereza la Karanga, na mabuti yake ni ya kweli. Nani kati yetu amewahi kumpeleka mgeni wake akaone?

Kabla sijaonekana nimelewa Marekani, niseme na upande wa pili. Jabali lile Wadakota, wenyeji wa asili wa huko, wanaliita He Mni Can. Kwao ni mahali patakatifu, na wafu wao wamezikwa pale. Baada ya vita vyao na Marekani vya 1862 walifukuzwa Minnesota. Baadhi ya vizazi vyao wako leo Prairie Island, si mbali na mji. Walowezi nao wakalichimba jabali kwa ajili ya chokaa, na kovu lake unaliona mpaka leo. Kwa hiyo ile njia ya bure ni ya bure pia kwa sababu wenyewe waliondolewa. Kwetu njia inapita katikati ya migomba ya mtu, kando ya mfongo, mfereji wa maji uliochimbwa na babu zake, na huyo mtu yupo, amesimama na panga anakutazama unavyopita kihambani kwake, shamba lake la ukoo. Ndiyo maana kiingilio cha maporomoko hakinikeri hata kidogo. Kinachonikeri ni bei inayobadilika kulingana na begi ulilovaa.

Na kweli, begi ni tatizo. Nilipolivaa likizo iliyopita nikaanza kupanda, mtoto wa kwanza kukutana naye alinisalimia kwa Kiingereza. Mbele kidogo nikamkuta shangazi anafagia uwanja. Shikamoo, marahaba, unakwenda wapi? Natembea tu, shangazi. Akaacha ufagio. "Kuna msiba huko juu?" Uchaggani mtu mzima hatembei bila sababu, na sababu zinazokubalika ni msiba, kanisa, soko na kesi ya mpaka.

Pale Kinukamori pana sanamu ya Makinuka, binti wa hadithi aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaenda kujitosa, akabadili mawazo, kisha akakutana na chui, akakimbia na kutumbukia. Ukishuka na mto kutoka Red Wing, ng'ambo upande wa Wisconsin, kuna jabali jingine, Maiden Rock, na wanasimulia binti wa Kidakota aliyejirusha kutoka pale kwa kukataa kuozwa mwanaume asiyempenda. Mabara mawili, na kila penye mandhari nzuri hadithi imemuua msichana. Wao hadithi yao imeupa jina hata mji mdogo wa jirani. Ya kwetu, waulize watoto wa Dar waliokuja Krismasi.

Sasa mtaniambia Marangu ina watalii tayari. Inao, wanaopita. Mgeni analala Moshi mjini, asubuhi anapakiwa kwenye gari la kampuni na boksi lake la chakula, anasaini getini, anapanda. Akishuka baada ya siku kadhaa anataka kuoga, na bafu lake liko Moshi. Mtoni ameiona dirishani. Na mwaka 2020 ndege zilipositishwa tuliona wenyewe: wagumu waliozoea kubeba mizigo ya wageni walikaa nyumbani, na hakuna mgeni wa jirani aliyejaza pengo.

Wa jirani wapo. Moshi mjini ni kama kilomita 40. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika, kuna wauguzi wa hospitali ya KCMC, kuna Arusha nzima. Vijana wameanza kujaa kijiji cha Materuni, juu ya Moshi, wikiendi, kutwanga kahawa na kupiga picha kwenye maporomoko, kwa hiyo hamu ipo. Msiniambie Mtanzania hana hela ya kutembea. Nimekaa kwenye baa za Himo tarehe 27 Desemba. Kinachokosekana Mtoni ni ubao wa ramani, bei iliyoandikwa ukutani, choo safi, fungu la wenye vihamba linalojulikana, na mama wa mtori anayejua kwamba Jumamosi watu watashuka na njaa.

Desemba hii nimewaambia watoto wa baba mdogo tupande kutoka geti la Marangu hadi kituo cha Mandara, twende na kushuka siku hiyo hiyo, tupite na kreta ya Maundi ambapo kukiwa kweupe unaliona ziwa Chala. Wamekubali wote. Mmoja tu ameuliza kama gari inafika.