Pikapu Yangu Si ya Mchanga

Naomba niseme hili mapema kabla mtu mwingine hajanipigia simu: mimi siuzi mchanga. Sina timbo, sina lori, na ile pikapu iliyo chini ya mwembe nyumbani kwangu Kisauni si ya biashara hiyo. Ni gari la mbio. Haya, chekeni, mkimaliza tuendelee.

Ni Peugeot 504 pikapu, iliyounganishwa hapa hapa Mombasa, enzi ambazo kila mwenye duka, mwenye shamba na mwenye maringo alikuwa nayo. Niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa akifugia kuku ndani. Kuku waliingia kwa mlango wakatokea sakafuni, maana chumvi ya bahari ilishalila bati lote. Ukikaa kitini unawaona wakipita chini ya miguu yako. Mama watoto aliizunguka mara moja tu akauliza, "Na kuku nao wamo kwenye bei?"

Nikampa historia. Nikamwambia 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiwa usukani, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena na 504 ya milango miwili. Akanisikiliza mpaka mwisho, mwanamke ana adabu zake, kisha akasema: "Hao walikuwa na jeshi la mafundi, baba. Wewe una mwembe."

Huo mwembe msiudharau, ndio winchi yangu. Tulifunga cheni kwenye tawi nene tukaing'oa injini ya zamani, ile ya silinda nne iliyolala ubavu nyuzi 45 kama mzee aliyeshiba pilau. Nguvu zake hazifiki farasi mia. Mimi nilitaka injini ya Toyota, 1JZ: silinda sita, lita mbili na nusu, tabo mbili za kuisukumia hewa, farasi 280. Gari zima lenye injini hiyo ni la zamani, haliingii Kenya, sheria inasema mwisho miaka 8. Lakini likikatwa Japani likaja vipande, linapita bandarini kama spea. Yaani ng'ombe mzima haramu, mishikaki halali.

Sasa, silinda sita kwenye mstari mmoja ni urefu, tena urefu wa kutosha. Rejeta tuliisogeza mbele ikabaki kidogo tu itoke nje iombe nauli. Bati la kati ya injini na dereva tukalikata, giaboksi ikarudi nyuma ikakaa baina ya magoti yangu kama mtoto asiyetaka kulala chumbani kwake. Nikiendesha dakika kumi mguu wa kushoto unaiva. Vishikio vya injini tulivipimia kwa katoni za unga, tukavichonga, vikakataa, tukachonga vingine. Siku hizo nyumbani ugali ulipikwa kwa unga uliomwagwa ndooni, kwa sababu kila karatasi ilikuwa na mchoro wangu.

Na fundi wa kuchomelea! Akiwasha mashine, taa za mtaa mzima zinafifia, na jirani anagonga ukuta kwamba friji lake limezimia. Nikamtumia sahani ya biriani kuomba radhi. Akala. Kesho yake akagonga tena.

Kabureta ya zamani iliridhika na petroli ya kudondoka. Injini hii mpya hurushiwa petroli kwa sindano, nayo inataka presha kubwa, kwa hiyo pampu mpya, mabomba mapya, na tangi lioshwe. Tulipolimimina likatoa kutu, tope na unyoya. Unyoya, jamani, ndani ya tangi! Mpaka leo najiuliza kuku yule alikuwa akienda wapi.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mama mkwe akija anaanika kanga zake kwenye bodi, nami naziondoa moja moja kwa heshima kabla ya kushika spana.

Siku ilipowaka, nililia. Kwenda sasa, haikwenda. Pikapu tupu haina uzito nyuma, na springi zile za majani zilitengenezwa kwa shehena inayopita tani moja, si kwa hewa. Ukikanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka pale pale, moshi juu, gari linakwenda upande kama kaa. Fundi akakuna kichwa. "Mzee, tia magunia mawili ya mchanga nyuma, hapo juu ya difu."

Nilimtazama mtu huyu. Miezi mizima tumekuwa tukipunguza kilo! Kiti cha abiria nilikitoa, hita niliitupa, hata kile kijitaa cha ndani nilikifungua nikijua kabisa kina uzito wa tende moja. Leo niende nikanunue uzito kwa pesa zangu? Nikaenda. Nikanunua. Wallahi liliniuma.

Jumapili alfajiri nikatoka nayo barabara ya Malindi. Tuta. Nikasubiri. Tuta jingine. Kisha mkokoteni wa maji, na mwenye mkokoteni hana haraka wala kioo cha nyuma. Farasi 280 wote wakamfuata mdogo mdogo kama waliokwenda mazikoni. Alipokata kona, barabara ikafunguka. Gia ya tatu, tabo zikapiga mluzi, na kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili mimi nilikuwa Ove Andersson.

Mbele nikamwona mtu kasimama njiani, anapunga mikono yote miwili. Nikajua gurudumu limeng'oka, au moto. Nikakanyaga breki, ambazo bado ni zile za kusimamishia kabichi, nikasimama mbali sana baada yake. Akaja mbio anahema, kofia ya ujenzi kichwani. Akaipita injini inayonguruma bila hata kuitupia jicho, akaenda nyuma, akafungua gunia, akachota kiganjani, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Huu wa mto, sio wa baharini?"

"Wa mto," nikajibu kabla sijafikiri.

"Gunia pesa ngapi?"

Nikatazama geji ya petroli. Mshale umelala chali.

"Mia nne," nikasema. "Lakini magunia narudi nayo."

Akalipa, na akataka namba yangu ya simu. Nikampa.