Imamu wa Zulia

Ami yangu, mkazi wa Mutrah, Oman, alinunua zulia kuukuu Sharjah, akaambiwa ni mswala wa Bukhara wa enzi za masultani. Mimi biashara yangu ni mazulia ya zamani. Basi siku ya karamu yake akaninong'oneza: "Mwanangu, hebu liangalie kabla wageni hawajajaa."

Lilikuwa limetandikwa sebuleni, rangi ya damu ya mzee. Mswala gani! Uwanja umegawanywa sehemu nne kwa msalaba mpana, na juu kuna umbo kama mihrabu lililowaponza wanunuzi wengi. Waturkmeni wa Asia ya Kati huliita ensi, nalo ni pazia la mlango wa hema. Bukhara ni sokoni tu lilikopitia.

Haya, la kabila gani? Zulia kubwa lingekuwa na guli, yale mapambo ambayo matano yake yamo hata kwenye bendera ya Turkmenistan, na mtu angeanzia hapo. Ensi haina guli uwanjani, kwa hiyo ni kuikunja na kuchungulia mafundo. Fundo lililokumbatia nyuzi mbili za mtande, zile za urefu, sawasawa, wafikirie Wasaryki. Lililofunguka kulia ni la Watekke. Kushoto, Wasalori, na hapo bei hupanda mpaka mnunuzi anaomba maji.

Nikapiga magoti, nikainama mpaka pua ikagusa sufu, kioo cha kukuzia jichoni, nikahesabu mafundo kwa kunong'ona. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha.

Nyuma yangu nikasikia, "Allahu Akbar."

Alikuwa mzee mmoja ambaye macho yamemchoka. Alishasifiwa ule mswala, sasa kamkuta kijana kasujudu juu yake, ananong'ona kwa unyenyekevu. Akajiunga. Waliofuata wakakuta safu, nao wakapanga safu. Nikiinuka, watainuka na mimi. Nisipoinuka, kuna magoti mabovu huko nyuma yanayoniombea mabaya. Nifanyeje? Nikaendelea kuhesabu. Kulia, kulia, kulia. Watekke hawa! Nikaona na zambarau iliyochuja juu ya sufu ikabaki kali shinani: rangi ya kiwandani, na hizo hazikuwapo duniani kabla ya 1856. Masultani wa wapi tena!

Mzee akakohoa. Kikohozi cha kumkumbusha mtu.

Kisha vumbi la Asia ya Kati likanipanda puani. Nilipiga chafya iliyorusha kioo hadi chini ya kabati, na katika kimya kilichofuata mjukuu wa ami akauliza kwa sauti yake yote:

"Babu, mbona mnasujudia friji?"

Safu zikavunjika. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini, ila yule mzee alinitazama kama mwizi wa viatu vya msikitini. Ami akanivuta kando.

"La nani?"

"La Watekke, ami."

"Na ni mswala?"

"Ni mlango."

Shangazi akadakia kutoka jikoni: "Basi rudieni swala, na mara hii mtafute imamu mwenye udhu!"