Mzee ametoka malengelenge: dawa ya sukari iachwe?

Mzee wa miaka 70 na zaidi anayetumia dawa ya sukari anawashwa mwili mzima kwa wiki kadhaa, kisha yanamtoka malengelenge makubwa yasiyopasuka upesi. Kwetu Pemba, Wete au Mkoani, cha mwanzo kutajwa nyumbani ni mkanda wa jeshi, cha pili husda, na kombe la aya za Kurani linaandikwa. (Kombe na linywewe, mradi vidonge havikusimamishwa.) Siku dawa ya sukari inaposhukiwa, boksi zima linatupwa.

Shaka hiyo si ya bure. Malengelenge ya namna hii huweza kuwa pemfigoidi, maradhi yasiyoambukiza ambamo kinga ya mwili hushambulia protini zinazoshikiza ngozi ya juu kwa ile ya chini yake. Mara nyingi chanzo hakionekani, lakini dawa za sukari za kundi la gliptini, hasa vildagliptini, zinajulikana kuongeza hatari.

Wanaosema dawa iondolewe hawajakosea: wengi hupata nafuu wakiiacha, na dawa nyengine za sukari zipo. Wanaosema isubiriwe nao wana lao. Malengelenge yanaweza kutoka miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, tangu dawa ianze. Watumiaji walio wengi hayawapati kabisa. Na uhakika hutaka kipande cha ngozi kipimwe kwenye maabara yenye vifaa maalumu.

Mimi naona gliptini iondoke hata kabla ya majibu, ila kwa mkono wa daktari. Sababu ni hii: mara nyingi vildagliptini huchanganywa na metformini ndani ya kidonge kimoja, hata kile alicholetewa mzee na jamaa wa Maskati. Ukikitupa, umetupa dawa mbili. Sukari inapanda, na prednisoloni atakayopewa kwa malengelenge inaipandisha tena. Ndiyo maana nauthamini utafiti wa Ufaransa wa 2002: krimu kali ya klobetasoli, ikipakwa mwili mzima, iliwasaidia zaidi wenye malengelenge mengi kuliko vidonge vya prednisoni, ndugu wa prednisoloni. Krimu hiyo hiyo tunaijua madukani kwa kujichubulia!

Lakini homa, vidonda mdomoni, macho mekundu na ngozi kubanduka, siku au wiki chache baada ya kuanza dawa mpya kama septrini, si pemfigoidi. Hapo dawa inaachwa saa hiyo hiyo, na mgonjwa anakimbizwa hospitali na boksi lake mkononi.