Herufi moja kwenye tangazo la nyumba

Tangazo la nyumba ya kupanga hapa Uingereza huwa na herufi moja, kuanzia A (bora kabisa) hadi G: daraja la matumizi ya nishati. Kila nikiiona roho inaniuma. Kwetu mpangaji hulipa kwanza, akishahamia ndipo aone joto ya jiwe.

Mtasema kakaa ng'ambo kidogo, sasa anatufundisha kujenga. Hapana. Cheti cha hapa kinachotoa herufi hiyo kina kasoro zake. Mkaguzi hapimi umeme wala gesi unayotumia. Anapima vyumba, anatazama kuta, madirisha na boila (mtambo wa kupasha maji na nyumba joto), anahesabu balbu, anapanda darini na rula kupima unene wa sufi ya kuzuia joto. Programu ndiyo inayotoa alama: 92 na zaidi ni A, 69 hadi 80 ni C, chini ya 21 ni G. Asichokiona, na hakina karatasi, anakikadiria kwa umri wa nyumba. Ndiyo maana aliyejaza sufi ndani ya kuta akatupa risiti hupewa alama za ukuta mtupu. Tena cheti hudumu miaka 10, hata boila ibadilishwe mwaka wa pili.

Pamoja na hayo, kina meno. Tangu Aprili 2020, England na Wales, mwenye nyumba ya F au G haruhusiwi kuipangisha mpaka airekebishe, au awe na msamaha uliosajiliwa.

Mtasema tena: "Hayo ni mambo ya nchi za baridi." Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Sufi inayozuia joto lisitoke ndiyo inayolizuia lisiingie! Bati likipigwa na jua huchemka, likamwaga joto lake juu ya dari, na dari nayo juu ya kitanda chako hadi usiku wa manane. Dawa ipo: karatasi ya alumini chini ya bati, upande unaong'aa ukitazama chini, na nafasi ya hewa ya angalau sentimita 2 na nusu. Mafundi wengi huibandika ikigusana na bati na ubao wa dari pande zote mbili. Hapo imekuwa kazi bure, maana alumini hupitisha joto vizuri kwa kugusana. Inachozuia ni joto linalorushwa kama mwanga, na ili ilizuie lazima pawe na nafasi wazi katikati. Ukiitazamisha juu, vumbi litaifunika na mng'ao wake utakufa.

Kenya ina kanuni za mwaka 2016 za lebo za nyota kwa vifaa vya umeme, friji na viyoyozi vikiwemo. Watu wetu wanaweza kabisa, na hilo najivunia. Ila friji ina nyota, nyumba inayoichemsha haina. Cheti cha EDGE, cha kimataifa cha majengo yasiyopoteza nishati, kipo, kinataka jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji, lakini ni hiari, na mwenye vyumba vinne vya kupangisha hakifikirii.

Basi kabla ya kulipa, nenda kuiona nyumba saa nane mchana, jua likiwaka. Panda kiti, weka kiganja kwenye dari, kisha kwenye ukuta wa ndani. Dari ikiwa na joto zaidi sana, muulize mwenye nyumba kilichopo kati yake na bati.