Mbuzi Wako Njiani

Mbwa wa kawaida akitoroka unajua pa kumfuata: yuko jalalani, yuko buchani, au yuko kwa mchumba. Wa kwetu tulimtafuta jalalani hayupo, buchani hawamjui, na habari ya mchumba bwana mifugo alikuwa ameshaimaliza kwa kisu. Alipona, nyuzi zikatoka, na kesho yake akatoroka mapema zaidi.

Aliyetuuzia alisema huyu ni Malinois, mbwa wa Ubelgiji, na kwamba ndugu yake ndiye aliyekwenda na makomandoo wa Marekani kumvamia Osama mwaka 2011. Nikajua hayo ni maneno ya dalali. Baadaye nikasoma, kumbe nusu ni kweli: kwenye ule uvamizi alikuwamo mbwa wa aina hiyo, akiitwa Cairo. Undugu ndio sijauthibitisha mpaka leo. Watoto walimpa jina la Simba. Mke wangu akamwita Sabuni, kwa kuwa kila ukimshika anakuponyoka, na nyumbani kwetu jina analotoa mama ndilo linaloandikwa kwenye cheti cha chanjo.

Tunakaa Olasiti, pembeni ya jiji la Arusha, mahali ambapo nyumba zikiisha mahindi yanaanza, na asubuhi barabara ni ya mifugo kabla haijawa ya bodaboda. Mwanzo tulikuwa na ua wa michongoma. Sabuni alipita katikati ya miiba ile bila kuacha hata unyoya. Nikajenga ukuta wa tofali. Akachimba. Fundi akanifundisha kitu kizuri, na wenye mbwa wakichukue bure: wavu usiuzike kwenda chini, ulaze. Unaulaza juu ya ardhi kwa ndani, ukigusana na ukuta, upana wa hatua moja hivi, unaufukia kidogo na kuugandamiza kwa mawe. Mbwa huanza kuchimba palepale ukuta unapokutana na udongo. Akigusa waya anahamia pembeni, anagusa tena. Wazo la kurudi nyuma akaanzie mbali halimjii.

La kurudi nyuma ili aruke, lile lilimjia haraka sana.

Kama hujawahi kumwona Malinois akipanda ukuta, ni kilo karibu thelathini za mnyama zinazokuja mbio, miguu ya nyuma inakanyaga tofali la katikati, ya mbele inanasa juu, na kabla hujamaliza kuita jina lake unaona mkia tu. Fundi akarudi. Safari hii alipitisha waya mnene ndani ya mabomba ya plastiki, yale ya maji machafu, akayafunga juu ya ukuta mzunguko mzima. Bomba limekaa legelege, ukilishika linazunguka. Nikatoa kiti kibarazani na chai yangu nikae nitazame. Sabuni akaja mbio, akakanyaga, akanasa. Bomba likazunguka, na bwana mkubwa akajikuta chini amekaa kitako. Akalitazama bomba. Akanitazama mimi. Akaenda kujaribu upande wa choo. Nakwambia sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Ndipo akahamia kwenye geti dogo. Komeo letu lilikuwa la kusukuma, naye alilisukuma kwa pua, akaenda zake na mlango akauacha wazi, mwizi aingie. Nikaweka springi nzito na kitasa kinachojifunga chenyewe: ukiuachia mlango unajibamiza "kwaa!", na bila ufunguo hufungui, uwe ndani, uwe nje. Funguo za geti dogo na kufuli la geti kubwa nikaziweka kwenye kamba moja.

Bwana mifugo alipokuja kumchoma sindano ya kichaa cha mbwa, alizunguka akakagua zile kazi zote, akatikisa kichwa. Akasema, "Kaka, umejenga gereza zuri, lakini huyu si mfungwa, ni mchungaji. Walimzalisha huko Malines kwa ajili ya kuswaga kondoo kutwa. Asipopewa kazi atajitafutia." Akaagiza nimkimbize asubuhi, saa nzima au zaidi, na nimpe vitu vya kuchokonoa akili. Nikatii. Kila alfajiri mimi na kitambi changu tukawa barabarani na Sabuni. Baada ya muda mimi nilikuwa natembea kwa kushika kuta, yeye pumzi imeongezeka na mapaja yamejaa. Kwa lugha nyingine nilikuwa namfanyisha mazoezi ya kutoroka.

Maana bado alitoroka. Mtoto akitoka shule, gari likiingia, mama maziwa akibisha, upenyo wowote anapita. Jioni anarudi kachoka, kashiba, ana kupe masikioni na ananuka beberu. Shangazi yangu, aliyekuja kutoka Marangu kwa ajili ya shughuli ya mdogo wangu, alimnusa mara moja tu akasema, "Mbwa wenu huyu ana watu wake." Sote tulicheka.

Shughuli yenyewe ilikuwa mahari. Baba hayupo, kwa hiyo wageni walifikia kwangu, na mjomba akawa msemaji wetu. Wakwe ni Wapare, na sisi Wachagga. Anayejua utani wa makabila haya mawili anajua kwamba hapo ubahili utatajwa kabla ya sala. Tatizo kubwa lilikuwa mbuzi. Upande wa pili walitaka mbuzi wote walipwe kwa bahasha, kama wanavyofanya watu wengi siku hizi. Mjomba alikataa katakata. "Mimi namtaka mbuzi mwenye miguu," alisema kwenye simu, na akarudia kila siku ya wiki ile. "Bahasha haina supu."

Jumamosi, saa nne, Noah mbili zikapiga honi. Geti kubwa likafunguliwa, na kabla tairi la mbele halijaingia Sabuni alishapita chini ya bampa. Nilimwona. Nilikuwa nimevaa suti, nimeshika birika la kunawisha wageni, na mkwe mkubwa ameshanyoosha mikono. Unamfukuzaje mbwa katika hali hiyo? Nikamwaga maji taratibu, nikatabasamu, nikajisemea aende tu, walau leo hatawanusa wageni. Kijana wangu akafunga geti kubwa kwa kufuli, akaliegemeza geti dogo kwenye tofali lisijibamize, akaruka kwenye bodaboda kwenda kuongeza soda. Funguo zikaenda naye mfukoni.

Mazungumzo yakaanza vizuri. Karatasi ya mahari ikawekwa mezani, mshenga akaisoma: mbege, blanketi la shangazi, la mama, majembe mawili ya kimila, na kadhalika. Alipofika kwenye mbuzi akakohoa, akageuza ukurasa.

"Rudi," mjomba akasema. "Mbuzi."

"Mzee wangu, hilo la mbuzi..."

"Wako wapi?"

Mshenga yule ni mtu mzima, ameshaozesha watu wengi. Akafuta jasho, akatazama juu ya ukuta kuelekea Mlima Meru, akajibu kwa sauti ya upole: "Mbuzi wako njiani."

Kengele ikalia.

Si ya mlangoni, ni kengele kabisa, ile ya kufunga mnyama shingoni. Beberu mweusi mwenye ndevu akachungulia kwenye geti dogo, akaona migomba na maua ya mke wangu, akaingia. Nyuma yake jike, nyuma ya jike mwingine, wawili, watatu, wanabanana mlangoni wanasukumana, vitoto vinalia. Turubai zima likanyamaza. Nyuma kabisa, tumbo linagusa vumbi, kushoto, kulia, kushoto, bila kubweka hata mara moja, alikuwa Sabuni. Mbuzi wa mwisho alisita. Akamgusa kisigino kwa pua. Yule mbuzi akaruka, akapiga tofali teke, na springi yangu ikafanya kazi niliyoilipia. Kwaa!

Sabuni akaja akalala miguuni kwangu, ulimi nje.

Shangazi ndiye aliyeamka wa kwanza. Alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Kisongo. Akina mama wakamdaka. Mjomba akasimama, akavaa miwani, akaanza kuhesabu kwa kidole, akafika thelathini na kitu akapotea kwa sababu walikuwa hawatulii. Akageukia wakwe, macho yamemlegea. "Jamani," akasema, "mimi Wapare nimewasema vibaya maisha yangu yote."

Nikamtazama mshenga. Naye akanitazama. Mtu yule hakuwa na habari yoyote kuhusu wale mbuzi, na niliona kabisa ukweli ukimfika kooni, ukasimama, ukarudi. Akafunga kifungo cha koti. "Sisi tukisema njiani, mzee wangu, ni njiani."

Bwana harusi mtarajiwa alikuwa anatetemeka. Nadhani alikuwa anapiga hesabu atadaiwa na nani.

Wakati huo mbuzi hawakuwa na muda wa hotuba. Wengine wako kwenye mchicha, wengine kwenye mapambo ya turubai, na mmoja amempanda mkwe mkubwa magotini kufuata shada la maua. Yule beberu mweusi alikwenda moja kwa moja meza kuu. Nilipopiga kelele karatasi ya mahari ilikuwa imebaki kipande kinachoning'inia mdomoni. Mjomba akakivuta, beberu akavuta, na beberu akashinda.

Hapo ndipo tuliposikia vishindo nje ya geti na mtu anaita kwa Kimaasai. Funguo hakuna, ziko dukani na soda. Tukaona mikono miwili juu ya ukuta, ikafuatiwa na kichwa cha layoni, kijana wa kuchunga mifugo, shuka jekundu begani. Akalishika bomba, likazunguka, akapotea. Akarudi kwa kasi zaidi, akalikumbatia kabisa, likazunguka naye, tukasikia "puu!" na tusi fupi. Sabuni alinyanyua masikio, akamtazama kwa huruma ya mtu aliyepitia.

Soda zilipofika, mlango ukafunguliwa, akaingia mzee Mwarusha na fimbo yake, mrefu, mtulivu. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee," huku nikitafuta maneno. Hakunijibu mimi kwanza. Aliinama akampapasa mbwa kichwani. "Askari," alimwita, na mkia wa Sabuni ukafagia vumbi. "Marahaba. Kumbe huyu analala kwako?"

Tukaelezwa. Kila siku anayotoka, mbwa wetu huenda moja kwa moja bondeni kuchunga pamoja na layoni, mchana anapewa maziwa, jua likipoa anawasindikiza mbuzi mpaka zizini ndipo anarudi kwetu. Leo layoni alikuwa amesinzia chini ya mgunga. Askari alipofika akakuta mbuzi hawana msimamizi, akaamua mwenyewe pa kuwapeleka. Mzee hakukasirika hata kidogo. Alichokuwa anataka kujua ni kwa nini mbwa anayefanya kazi nzuri hivi tumemwekea mabomba.

Kigelegele cha shangazi kilikuwa kimeshakufa. Mjomba alikuwa amekaa, miwani mkononi, amekuwa mdogo ghafla. Lakini mjomba wangu haendi shughulini akarudi mikono mitupu. Akamshika beberu mweusi pembe. "Wengine waende," akasema. "Huyu alishaingia kwenye mahari. Mmesema wenyewe njiani, na amefika."

Mshenga hakuwa na pa kutokea. Wakwe wakajikusanya pembeni, noti zikaanza kutoka mmoja mmoja, na mzee wa Kiarusha akataja bei, akapunguza kidogo kwa ajili ya mfanyakazi wake. Mjomba alitaka na mshahara wa mbwa ujadiliwe siku hiyohiyo, tukamzuia.

Siku hizi layoni anapita kwetu asubuhi anabisha geti, namkabidhi Sabuni, jioni ananirudishia. Kukimbia nimeacha, magoti yamepona. Mdogo wangu ameolewa na anapendeza. Tatizo limebaki moja tu, blanketi la shangazi, ambalo halijafika mpaka leo. Wapare wanasema kwenye karatasi halikuwamo, tuwaonyeshe lilipoandikwa. Na ile karatasi, pamoja na beberu wake, mjomba alituchemshia supu Jumapili yake.